Vidonge vya kranberi kwa UTI inayojirudia: nisome nini kwenye lebo, na nimuuzie nani?

Mtoadawa_Moro:

Wakuu, habari za majukumu. Nawauliza wafamasia, madaktari na watu wa maabara mliomo humu. Wateja, hasa akina dada, wanaulizia sana vidonge vya kranberi (tunda jekundu na chachu la Marekani) kwa ajili ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Wasambazaji wanaleta aina tatu ambazo lebo zake hazifanani kabisa:

A – unga wa kranberi 500 mg, vidonge 60. Hii ndiyo ya bei ya chini.
B – kranberi iliyokolezwa 25:1, 504 mg, "sawa na 12,600 mg za tunda bichi", imeongezwa vitamini C, kapsuli 30.
C – "PAC 36 mg", kapsuli 30. Bei yake ni karibu mara tatu ya A.

Namba kubwa kuliko zote iko kwenye B, lakini C ndiyo ghali. Nisome nini hapo? Pili, mteja anayekuja leo mkojo unamuunguza na anataka kranberi badala ya dawa, nimjibu nini? Tatu, vipi kuhusu wajawazito, wazee, watoto na wagonjwa wenye mpira wa mkojo? Na kuna wanaosema juisi ya rosela inafanya kazi ileile kwa kuwa nayo ni nyekundu na chachu. Naomba majibu ya kitaalamu.

Famasia_Tanga:

Nianze na lebo, kwa sababu hapo ndipo pesa za wateja zinapopotea.

Tunachokitafuta ndani ya kranberi si rangi, si uchachu wala vitamini C. Ni kemikali zinazoitwa proanthosayanidini, kwa kifupi PAC, na hasa zile za aina A (hilo ni jina la kikemia, si bidhaa A yako). Bakteria E. coli ndiye chanzo cha robo tatu au zaidi ya maambukizi ya kibofu kwa wanawake wasio na kasoro nyingine ya njia ya mkojo. Ana vinywelea anavyovitumia kung'ang'ania ukuta wa kibofu, na akikosa pa kushika hutoka na mkojo. Mwaka 1984 Sobota alionyesha kwamba juisi ya kranberi huzuia kung'ang'ania huko, na mwaka 1998 kundi la Howell likaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na PAC. Zingatia kwamba hazimuui bakteria. Maelezo ya zamani, kwamba kranberi huufanya mkojo uwe na asidi hadi bakteria wafe, hayasimami: kiasi ambacho mtu anaweza kunywa kila siku hakiongezi asidi ya mkojo kufikia hapo.

Dozi iliyotumika sana kwenye tafiti ni PAC 36 mg kwa siku. Sasa tupige hesabu za bidhaa zako.

A: unga wa tunda zima kwa kawaida huwa na PAC karibu asilimia 1. Kwa hiyo 500 mg zinakupa kama 5 mg. Ili mteja afike 36 mg atameza vidonge 7 kwa siku, na chupa ya 60 itaisha siku ya tisa. Ukipiga bei kwa mwezi mzima, A huenda ikawa ghali kuliko C.

B: 25:1 inaeleza matunda mangapi yalitumika, haielezi ni nini kilichobaki. Kiwanda kinaweza kukamua, kukausha na kuchuja huku PAC zikibaki kwenye makapi. Hiyo 12,600 ni 504 mara 25 tu. Bila PAC kuandikwa kwa miligramu, hujui unachouza.

C ndiyo pekee inayosema jambo la maana, lakini usiishie hapo. Mwombe msambazaji cheti cha uchunguzi wa maabara cha bechi hiyo, kisha tazama mambo mawili. Kwanza, kipimo kilichotumika kiwe BL-DMAC, njia ya maabara ya kupima PAC. Kuna njia nyingine za kupima ambazo unga uleule hutoa namba kubwa zaidi, kwa hiyo 36 ya kipimo kimoja si 36 ya kingine. Pili, cheti kithibitishe kwamba PAC ni za aina A. Unga wa mbegu za zabibu nao una PAC nyingi na ni wa bei nafuu, ila zake ni za aina B ambazo hazina uwezo huo wa kuzuia kung'ang'ania. Ndiyo maana watu wasio waaminifu huuchanganya humo. Msambazaji akikosa cheti, mrudishie mzigo wake.

Mtu anaweza kukuambia mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitaja 500 mg mwezi Julai 2020. Ni kweli iliitaja, kwa wanawake wenye afya waliowahi kupata UTI, na ikaweka sharti kwamba lebo iseme wazi kuwa ushahidi ni mdogo. Usiichukue kama ruhusa ya kuuza unga wowote wa 500 mg.

Kuhusu muda wa kumeza: mkojo wa watu waliomeza PAC 36 mg ulizuia bakteria vizuri baada ya saa 6, lakini nguvu ilikuwa imepungua sana baada ya saa 24. Ukipata kapsuli za 18 mg, moja asubuhi na moja jioni ni mpango mzuri kuliko kumeza zote mara moja.

Daktari_Kibofu:

Famasia amemaliza lebo. Mimi nitajibu nani anafaidika, maana dunia ilibadilisha mawazo hapa na wengi bado wananukuu habari ya zamani.

Mapitio ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba) ya mwaka 2012, yenye tafiti 24, yalisema kranberi haina faida ya maana. Yaliporudiwa mwaka 2023 yalikuwa na tafiti 50 na washiriki 8,857, na jibu likawa tofauti kwa makundi matatu. Wanawake wenye UTI inayojirudia: hatari ya kuugua tena ilipungua kwa asilimia 26. Watoto: asilimia 54. Walio katika hatari kwa sababu ya tiba, kama mionzi ya kibofu: asilimia 53. Kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya kulelea, wajawazito, na watu ambao mishipa ya fahamu ya kibofu haifanyi kazi sawasawa, faida ilikuwa ndogo sana au haikuwepo. Mgonjwa uliyemtaja wa mpira wa mkojo mara nyingi yumo kwenye kundi hilo la mwisho, kwa hiyo usimuuzie. Yeye anahitaji mpira ubadilishwe kwa wakati na mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu.

Kwa wazee kuna utafiti mzuri wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016. Wanawake 185 wa nyumba za wazee walifuatiliwa mwaka mzima, kundi moja likipewa PAC 72 mg kila siku na jingine vidonge visivyo na dawa. Bakteria na usaha kwenye mkojo havikutofautiana. Dozi ilikuwa maradufu ya ile ya kawaida, hivyo hatuwezi kusingizia uchache.

Nieleze hiyo asilimia 26 ili usimwahidi mteja kupita kiasi. Chukua mfano wa wanawake 100 ambao 40 kati yao wangeugua tena ndani ya mwaka. Kwa kranberi wangeugua kama 30. Kumi wameokoka, na hilo ni jambo jema kwa kitu chenye madhara machache. Lakini 30 bado wanaugua huku wanameza kila siku.

"Inayojirudia" nayo ina kipimo chake: mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya mwaka. Aliyeugua mara moja tangu mwaka juzi hahitaji kutumia pesa yake huko.

Na kabla ya kranberi kuna maji. Utafiti wa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 140 wenye maambukizi ya kibofu (cystitis) ya kujirudia waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongeza lita 1.5 juu ya walichozoea. Kwa mwaka mmoja walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, na wenzao mara 3.2. Hakuna kapsuli kwenye rafu yako yenye matokeo kama hayo, na maji ni nafuu. Isipokuwa mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa apunguze maji, huyo afuate daktari wake.

Mama aliyekoma hedhi, muulize kuhusu ukavu ukeni. Krimu ya estrojeni ya ukeni humsaidia kuliko kranberi. Anayetumia dawa za kuua mbegu za kiume, ama peke yake ama pamoja na kondomu zilizopakwa dawa hizo, abadilishe njia ya uzazi wa mpango kwanza, maana zinaua bakteria wazuri wa ukeni na kumwachia E. coli nafasi.

Utaona pia kapsuli zilizochanganywa na sukari iitwayo D-manosi. Uingereza waliijaribu peke yake kwa wanawake 598, gramu 2 kila siku kwa miezi 6, matokeo yakatoka mwaka 2024: haikuzuia UTI. Mteja asilipie zaidi kwa ajili ya mchanganyiko huo.

Hadubini_Mwanza:

Naomba nirudi nyuma kidogo, kwa sababu swali lenu linaanza pale ambapo UTI imeshathibitishwa. Wengi wanaokuja dukani na "UTI sugu" hawajawahi kuoteshewa mkojo (bakteria wake kukuzwa maabara ili wajulikane) hata mara moja. Wamepimwa kwa stripi (kikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo), wakaandikiwa dawa, basi.

Stripi ina mipaka. Kisanduku cha nitraiti (kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza kwenye mkojo) kinahitaji mkojo uliokaa kibofuni saa 4 hivi, kwa hiyo mgonjwa aliyetoka kukojoa dakika ishirini zilizopita anaweza kuonekana hana kitu. Bakteria kama Enterokokasi na Staphylococcus saprophyticus hawatengenezi nitraiti kabisa. Chupa ya stripi ikiachwa wazi, hasa sehemu zenye unyevu, visanduku vinaweza kugeuka rangi bila bakteria yeyote. Na hili linahusu bidhaa B ya mleta mada: vitamini C nyingi kwenye mkojo inaweza kuficha nitraiti, damu na sukari. Mtu anameza vidonge vya kranberi vyenye vitamini C, stripi inasema mzima, kumbe anaumwa. Kwenye fomu ya maabara aandike anachokimeza.

Uchukuaji wa sampuli ndio unaoharibu majibu mengi. Mwelekeze hivi: anawe mikono, atenganishe mashavu ya uke kwa vidole, ajifute kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, aachie mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha akinge wa katikati kama mililita 20 kwenye kopo safi la maabara bila kugusa ndani yake. Chupa ya soda iliyooshwa haifai. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, zisizidi mbili, au ikae kwenye friji ya nyuzi 4 kwa muda usiozidi saa 24. Ikiachwa juu ya meza Mwanza hii, bakteria wachache wa ngozi wanazaliana hadi wanaonekana kama ugonjwa. Jibu likisema "seli za ngozi nyingi" au "bakteria mchanganyiko", maana yake sampuli imechafuka. Irudiwe. Hilo si jibu la kuandikia dawa.

Kuotesha huchukua saa 18 hadi 24 mdudu kuonekana, na siku nyingine kujua dawa ipi inamuua. Anayejirudia asikubali kuanza antibiotiki nyingine kabla ya kutoa sampuli hiyo.

Halafu kuna magonjwa yanayojifanya UTI, na kranberi haina lolote la kufanya hapo. Huku Kanda ya Ziwa, pia Unguja, Pemba na mwambao wote, damu inayotoka mwishoni mwa kukojoa itufanye tufikirie kichocho. Mayai yake hutafutwa kwenye mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo yanapotoka kwa wingi, na tiba ni prazikwanteli. Kisonono na klamidia huunguza mkojo. Fangasi ukeni pia. Akiwa na uchafu usio wa kawaida au muwasho ukeni, uwezekano wa UTI unapungua, apimwe magonjwa hayo kwanza. Mwanaume mwenye dalili za mkojo asiuziwe kranberi kabisa kabla hajaonwa na daktari.

Mtoadawa_Moro:

Asanteni sana, hiyo ya vitamini C na stripi sikuijua. Bado sijapata jibu la mteja mwenye dalili leo, na la wajawazito. Na je, kuna dawa zinazogombana na kranberi?

Mkunga_Kisauni:

Hamjambo wenzangu. La wajawazito niachieni mimi.

Mja mzito aweza kuwa na bakteria kwenye mkojo bila maumivu yoyote. Wakiachwa, hadi robo ya akina mama hao au zaidi huishia na maambukizi ya figo, na hapo hatari ni kwake na kwa mtoto, pamoja na uchungu kuja kabla ya wakati. Ndiyo maana mkojo wa mja mzito hupimwa mapema kliniki, na bakteria wakipatikana hutibiwa hata kama mama hahisi kitu. Kranberi haimdhuru kama chakula, lakini tumeambiwa hapo juu haimkingi. Tatizo langu nayo ni kumfanya mama akae nyumbani akidhani amejitibu. Akija dukani ni mja mzito na ana dalili za mkojo, mtume kliniki siku hiyo hiyo. Na asipewe antibiotiki kwa kukisia: nitrofurantoini haifai mimba ikishakaribia kujifungua, siprofloksasini huepukwa wakati wote wa mimba.

Mtoto mdogo mwenye homa isiyoelezeka naye ni wa hospitali, apimwe mkojo. Hiyo asilimia 54 ya watoto ni ya kuzuia, kwa mtoto ambaye tayari amepimwa na daktari anamfuatilia. Kapsuli kwa mtoto wa miaka miwili ni hatari ya kukwama kooni.

Lishe_na_Mimea:

Rosela: hapana, si mbadala. Wekundu wake unatoka kwenye anthosayanini, na uchachu unatoka kwenye asidi zake. Anthosayanini ni rangi. PAC za aina A zilizopimwa kwenye kranberi ni kitu kingine, na rosela haijathibitishwa kuzuia UTI kwa dozi yoyote inayojulikana. Zambarau vilevile, ingawa wapo wanaoiita "kranberi yetu". Wanywe kama kinywaji, kwa kuwa maji yaliyomo yanahesabika, ila sukari iwe kidogo.

Sukari ndiyo shida ya juisi ya kranberi yenyewe. Tunda hilo, linalolimwa zaidi Wisconsin na Massachusetts, ni chachu kiasi kwamba juisi yake halisi hainyweki kirahisi. Inayouzwa kwenye supamaketi kwa kawaida ina juisi asilimia 27 hivi, iliyobaki ni maji na sukari. Glasi ya mililita 240 inafika gramu 28 za sukari au zaidi, kama vijiko 7 vya chai. Kila siku kwa miezi 6 ni mzigo mkubwa, na mwenye kisukari asiiguse. Soma pia neno "kinywaji chenye ladha ya kranberi": hapo huenda juisi ni ya tufaha na zabibu.

Famasia_Tanga:

Mteja mwenye dalili leo: kranberi haitibu. Bakteria wakishang'ang'ania na kuzaliana, kuzuia kung'ang'ania hakuwaondoi. Muulize mambo manne papo hapo: homa au baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavu, kutapika, mimba. Likiwepo hata moja, hospitali leo. Kama hakuna, akatoe sampuli na aonwe na daktari. Kwa kibofu pekee dawa inayotumika sana ni nitrofurantoini 100 mg mara mbili kwa siku, siku 5, akiandikiwa. Haifai kwa figo zilizoambukizwa, na mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) asipewe, maana inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Usimwongezee unga wa kupunguza asidi ya mkojo, kwa sababu nitrofurantoini hufanya kazi vizuri mkojo ukiwa na asidi.

Kugombana na dawa: ya kuangalia kwanza ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zimeripotiwa kesi za damu kuwa nyepesi kupita kiasi kwa watu waliokunywa kranberi nyingi. Tafiti za baadaye hazikukubaliana, lakini anayetumia warfarini asianze kranberi bila kumwambia daktari, na INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ipimwe upya. Aliyewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti pia aepuke vidonge vilivyokolezwa, hasa vyenye vitamini C, ambayo mwili huigeuza kuwa oksaleti. Tumbo kujaa gesi na kuharisha hutokea kwa baadhi, na akimeza pamoja na chakula huwa nafuu.

Anayefaa, mpe utaratibu huu: PAC 36 mg kwa siku bila kuruka, kwa miezi 6, chupa ifungwe vizuri na isikae bafuni. Aandike kwenye kalenda kila mara anapougua, na kila mara mkojo uoteshwe. Akiugua katikati asiongeze kapsuli, atibiwe kisha aendelee. Miezi 6 ikiisha alinganishe na miezi 6 ya nyuma. Kama idadi haijapungua, aache kununua, apewe rufaa aangaliwe mawe, kisukari na mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Daktari anaweza kumjadilia metenamini hipureti, dawa ya kuzuia UTI isiyo antibiotiki, gramu 1 mara mbili kwa siku. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 kwa wanawake 240 ulionyesha kwamba haikuzidiwa kwa kiasi cha maana na antibiotiki za dozi ndogo za kila siku, nayo haiwafundishi bakteria usugu.

Mtoadawa_Moro:

Nimewaelewa. Kesho namwandikia msambazaji wa C anitumie cheti cha bechi, na A nimesimamisha kuagiza hadi waniambie PAC ni miligramu ngapi kwa kidonge. Daktari, metenamini hiyo inahitaji mkojo wenye asidi kama nitrofurantoini?

Daktari_Kibofu:

Ndiyo, tena zaidi. Hugeuka kuwa fomaldehaidi mkojo ukiwa na asidi, pH chini ya 6, na hiyo fomaldehaidi ndiyo inayoua bakteria. Kwa hiyo unga wa kupunguza asidi haukai pamoja nayo hata kidogo. Mwenye ini bovu au figo zilizochoka sana asiandikiwe. Na haitibu maambukizi yaliyopo: kwanza mkojo usafishwe kwa antibiotiki sahihi, ndipo ianze.